Siku Pimbi Alipofunga Mdomo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyeo vingi kuliko akili, palikuwa na Pimbi, mama wa watoto saba, aliyekaa juu ya jabali karibu na mto. Nawaambieni mapema, wanangu, hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia. Basi kaeni vizuri.

Pimbi alikuwa mlinzi, na jabali lile alipewa kwa sababu ya kazi hiyo. Kutwa nzima aliangaza macho mbugani, na kila alipomwona Simba alilia, "Kwii! Kwii! Kwii!" Wanyama wakatimua mbio. Alikuwa mdogo, hazidi kiazi kikuu, lakini hakuna ndama aliyewahi kuliwa katika zamu yake.

Siku moja Profesa Nyati akaitisha warsha pale pale chini ya jabali. Wakatandaza turubai, wakapanga viti, wakatundika kitambaa kirefu kilichoandikwa: KUJIFUNZA KWA MASHINE NA KUJIFUNZA KWA VIUMBE. Wakaja wakubwa watupu, kila mmoja na beji shingoni. Pimbi hakualikwa. Aliteremka mwenyewe, akamkuta Daktari Punda Milia ameshika daftari la mahudhurio.

"Habari za kazi, Daktari. Nami nimekuja kusikiliza."

"Jina lako halimo, Bi Pimbi."

"Si mnazungumzia kujifunza kwa viumbe? Kwani mimi ni jiwe?"

"Wewe ni kiumbe, sikatai. Lakini si mshiriki. Wewe umo ndani ya utafiti."

"Nimo kama nani?"

"Kama sampuli," akasema Punda Milia, akafunga daftari.

Sampuli, jamani. Mama wa watu, na wanawe saba, anaitwa sampuli mlangoni pake mwenyewe! Pimbi akasimama pembeni.

Profesa Nyati akainuka, akakohoa, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akataja vyeo vyote nusu saa nzima. Mwishowe akafunua sanduku la bati lenye sikio moja kubwa na taa nyekundu.

"Mashine hii imejifunza kumtambua Simba," alisema. "Kwa misimu miwili Daktari alijificha chini ya jabali na kinasa sauti. Kila Simba alipokuja, tuliisikilizisha mashine sauti za mbugani za saa ile, tukaiambia: hii ni hatari. Siku ambazo Simba hakuja, tukaiambia: hii ni salama. Sasa imehitimu. Kwa hiyo azimio la leo ni moja. Mashine ipande juu ya jabali, na Bi Pimbi na watoto wake wahame kabla jua halijatua."

Makofi, pwa pwa pwa pwa!

Pimbi akawatazama wanawe kule juu. Awapeleke wapi watoto saba? Mbugani kuna mwewe, bondeni kuna chatu. Misimu miwili wanamnasa sauti, hawajamwomba, hawajamshukuru, na leo wanamfukuza kwa sauti ile ile. Mimi ningewatukana. Pimbi naye alikuwa karibu kuwatukana, ila juu ya jabali mwanawe wa mwisho akachomwa na mwiba.

"Kwii!" akalia mtoto.

"Hatari! Hatari!" ikapayuka mashine.

Wakubwa wakaangushiana viti. Nyati akatazama huku na huku. Hapakuwa na Simba wala unywele wa Simba.

"Hitilafu ndogo," akasema. "Tuendelee."

Pimbi akaelewa papo hapo. Mashine haikuwahi kumjua Simba. Kwa kuwa yeye hakusinzia kazini hata siku moja, kila Simba alipokuja kilio chake kilikuwapo, na mashine ikakariri kilio basi. Akaingia hadi katikati ya turubai.

"Profesa, sina ubishi. Mimi na wanangu tutafunga mdomo mpaka mmalize chai. Mashine ikiwalinda, tunahama leo. Lakini ukiniomba wewe mwenyewe niseme, jabali ni langu, na utatangaza mbele ya wote nani aliifundisha mashine yako."

Nyati akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nikuombe wewe? Daktari, andika hayo."

Pimbi akawaficha watoto kwenye ufa wa mwamba, akakaa juu, kimya. Alijua kwamba siku za joto kama ile, saa kumi, Simba jike na dada zake huteremka kunywa maji. Wale wasomi walikuwa hawajui. Wangejuaje? Misimu miwili Daktari alinasa sauti tu, hakuangalia jua, na wao hawajawahi kulinda chochote.

Chai ikaletwa, na maandazi.

"Profesa," akanong'ona Punda Milia, "nyasi zile zinatembea."

"Mashine inasemaje?"

"Inasema salama."

"Basi ni upepo. Nisogezee maandazi."

"Zina masikio, Profesa."

"Daktari, wewe ni msomi au mpiga ramli? Mashine imesema salama."

"Salama," ikasema mashine.

Nyati akageuka, akakutana na macho mawili ya manjano. Andazi likamponyoka. Alijua kwamba Simba hawindi peke yake, ukimwona mmoja wengine wako usikotazama. Aliye chini hawezi kujua akimbilie wapi.

"Bi Pimbi, wako wangapi?"

Pimbi akatazama mawingu.

"Bi Pimbi, nakuomba. Sema."

"Nani aliifundisha mashine?"

"Hilo tutalijadili kwenye kamati."

Pimbi akafunga tena mdomo. Nyasi zikasogea.

"Ni wewe!" Nyati akapaza sauti, na kila mshiriki akasikia. "Ni sauti yako, tuliichukua bila kukuuliza!"

"Kwii! Wako watatu, kulia na nyuma! Kimbilieni kushoto, mtoni!"

"Hatari!" ikasema mashine, kana kwamba imegundua yenyewe.

Vumbi likatimka. Wote wakavuka salama, ila Punda Milia aliacha nywele za mkia katika meno ya Simba. Yule Simba jike akalinusa sanduku, kisha akalikalia. Pimbi alikuwa amenyamaza.

"Salama," ikasema mashine chini ya makalio ya Simba.

Simba walipoondoka, azimio lilichanwa. Profesa Nyati akaja chini ya jabali, maji yakimchuruzika, akaomba radhi. Pimbi hakumwambia kwamba si kitu.

"Mmeniumiza, Profesa," alisema. "Mkitaka kujifunza kwangu, njooni mchana, mniulize, na mkisema mmejua jambo, mseme mmelijua kwa nani."

Nanyi wanangu shikeni hili: anayechukua kazi yako kisha akasema hana haja nawe, mnyamazie siku moja tu umwone.