Macho ya Kamalini

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Pakawa rangi ndani ya kombe, mwenye macho atazame.

Hapo kale, katika milima ya Bara Hindi, palikuwa na mchoraji jina lake Bhanudas. Picha zake zilikuwa ndogo, zinaenea kiganjani, na kila moja ilibeba kisa kizima. Mkewe alikuwa amekufa. Alibaki na binti mmoja tu, Kamalini.

Siku moja raja, mfalme wa nchi ile, akamwita. "Nichoree kisa cha wazee. Malkia ameibwa na jitu la vichwa kumi, ameketi bustanini anamlilia mumewe. Macho yake yanilize!"

Bhanudas akasema moyoni, "Macho hayo ninayo nyumbani." Na desturi ya wachoraji wale ilikuwa hii: jicho huchorwa mwisho, tena kwa kulitazama jicho lililo hai.

Brashi yake ilikuwa ya manyoya ya mkia wa kindi. Kindi mwenyewe akaja dirishani.

"Mchoraji, mchoraji, manyoya haya hapa! Lakini binti yako anaolewa ng'ambo ya milima. Jicho kwanza, jani baadaye!"

"Jani kwanza, jicho mwisho. Ndivyo alivyofanya babu."

Akachora majani ya bustani, moja moja. Kamalini akaita, "Baba, njoo unitazame, wananipaka hina!"

"Ngoja mwanangu, nimo kwenye majani."

Kindi akarudi. "Jicho kwanza, jani baadaye!"

"Jani kwanza, jicho mwisho."

Akachora vichwa vya jitu, kila kichwa na taji lake. Kamalini akaita, "Baba, njoo unitazame, wananivisha bangili!"

"Ngoja mwanangu, nimo kwenye vichwa."

Kindi akarudi, mkia umebaki mwembamba. "Jicho kwanza, jani baadaye!"

"Jani kwanza, jicho mwisho."

Akachora mawingu ya mvua. Kamalini akaita, "Baba, njoo unitazame, wabeba machela wamefika!"

"Ngoja mwanangu, nimo kwenye mawingu."

Alipomaliza mawingu, akatoka mbio, brashi mkononi. Kamalini alikwisha kupanda, shela limeshuka usoni. Na bibi harusi wa kule hafunui shela mpaka afike kwa mumewe.

"Mwanangu, funua kidogo tu!"

"Nilikuita, baba," akajibu huku analia. "Sasa sina ruhusa."

Wakamnyanyua, wakaenda, wakaenda, wakaenda.

Theluji ikafunga njia. Ilipoyeyuka ikaja habari: Kamalini amechukuliwa na homa. Bhanudas alilia mpaka sauti ikamkauka. Majuto ni mjukuu, jamani.

Raja akaitazama picha. "Mbona malkia hana macho?"

"Wa kumtazama alikuwa binti yangu, naye hayupo, bwana mkubwa."

"Si binti uliyemlea mwenyewe? Chora kwa kukumbuka!"

Bhanudas akapiga magoti. "Bwana mkubwa, niulize jani lolote la bustani ile, nitakwambia lilivyo. Macho ya mwanangu siyakumbuki."



Basi, wanangu, mtoto akikuita, geuka. Msiniambie alikuwa na kazi; nani hana kazi? Mimi nilikuwepo, nikapewa brashi nimchore kindi, ukatokea ufagio, wakanifukuza. Ndiyo maana kazi yangu ni kusimulia tu.

Ngano imekwisha. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi.