Kilele cha Kibaba

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kaondoka mpimaji, kibaba mkononi!
— Kapima nini?
— Kapima mtama, kapima ulezi, akaishia kupima roho za watu!
— Ilete tuisikie!

Haya, sogeeni. Aliye karibu na mlango aufunge, maana hadithi hii hata mimi mwenyewe huniogopesha, na nimeisimulia mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji ukiitwa Kivumoni. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kodi yake kwenye ghala la mji: vibaba kumi vya mtama, na ya kwanza kupimiwa ilikuwa nyumba kubwa, ile ya Jumbe wa mji. Mtama ule ulikuwa na kazi tatu. Kazi ya kwanza, kuwalisha wanaotengeneza boma la miiba. Kazi ya pili, kuwalisha wanaosafisha kisima. Kazi ya tatu, kuwalisha wapiga ngoma ya hatari. Basi. Kazi ya nne haikuwako.

Na kodi yenyewe ilikuwa kibaba cha mfuto. Mnaujua mfuto? Ninyi wa leo mnanunua unga wa mifuko, mtaujulia wapi! Mpimaji hukijaza kibaba mpaka mtama unafanya kilima juu yake. Kisha fimbo nyembamba hupitishwa ukingoni, fyuu! Kilima huanguka, kibaba hubaki sawasawa. Huo ndio mfuto. Kilima kisipofutwa, kibaba huitwa cha tele, na kile kilima ndicho kilele. Sasa pale Kivumoni, mpimaji hakuishika fimbo hata siku moja. Aliishika mwenye mtama kwa mkono wake mwenyewe, akafuta, na kilele kikarudi kapuni mwake, akaenda nacho nyumbani kwa watoto.

Kwa nini? Kwa sababu chini ya sakafu ya ghala liliishi Zimwi. Wazee waliojenga mji walilikuta pale, wakapatana nalo.

"Kilichomo ndani ya kibaba ni chetu," walisema wazee.

"Na mimi je?" likauliza Zimwi.

"Wewe chukua kilele."

Zimwi likacheka kwa furaha, likakubali, halikujua habari ya fimbo. Basi likakaa chini ya sakafu miaka nenda miaka rudi, limekonda, dogo kama nyenje, likiimba kwa sauti ya nyenje:

Cha mfuto si changu,
cha tele ni changu,
kilele, kilele, njoo tumboni mwangu.

Mpimaji wa zama hizo alikuwa mwanamke, jina lake Mashavu. Alikuwa na mume, Mshangama, na mama mkwe wake, na binti wa miaka saba. Wanne kwa jumla. Kila mavuno Mashavu alipiga magoti kwenye sakafu ya ghala, akapima kutwa nzima, na ule wimbo mdogo akausikia kwa chini. Hakuujali. Nyenje wangapi wanaimba duniani?

Jumbe wa mji aliitwa Mwinchande. Hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Tatizo lake lilikuwa miguu. Siku moja alikanyaga mwiba, akapiga kelele, "Jumbe mzima natembea chini kama mchunga mbuzi?" Akatengenezewa machila, kile kitanda cha kubebwa mabegani, na wachukuzi wanne wa kukibeba. Akapanda juu. Akaona mji wote kutokea juu, akaona utamu.

Lakini wachukuzi wanne nao wana matumbo. Mavuno yalipofika Jumbe akatangaza, "Mwaka huu ni kibaba cha tele. Ni kidogo tu, watu wangu. Kilele ni nini? Punje chache!" Akazikusanya fimbo zote za kufutia, akazitia motoni.

Mashavu akapima vya tele. Na kila kilele kilipomwagika ghalani, akasikia chini yake: kwacha, kwacha, kwacha. Akenda kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe. Chini ya ghala kuna kitu kinatafuna."

"Marahaba, mwanangu. Ni panya."

Mwaka wa pili Jumbe akaongeza wapiga zumari, wamwimbie akiwa juu ya machila. Akaongeza wapepezi, wawapepee wapiga zumari. Akaongeza wasimamizi wa kuwahesabu wapepezi. Kodi ikawa kibaba cha tele cha kushindilia: unajaza, unakandamiza kwa kiganja, unajaza tena. Na sauti ya chini haikuwa ya nyenje tena, ilikuwa ya beberu. Mashavu akenda kwa Jumbe.

"Jumbe wangu, kile kitu kimekua."

"Panya hukua, mwanangu."

Mwaka wa tatu nyumba kubwa ilikuwa na watu arobaini wanaokula wakilala. Boma lilikuwa limeoza, kisima kimejaa tope, ngoma ya hatari imepasuka ngozi, na wote waliokuwa wakizifanya kazi zile tatu walikuwa wamehamia kwenye zumari, maana kwenye zumari ndiko kuliko na chakula. Kodi ikawa kibaba cha tele, cha kushindilia, mara mbili. Watu walileta mpaka mtama wa mbegu. Mwaka huohuo Mashavu alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Sikujua, akawa anapima huku amembeba mgongoni. Sakafu ilikuwa ikipanda na kushuka chini ya magoti yake. Panda, shuka. Panda, shuka. Kitu kilikuwa kinapumua. Aliogopa mpaka maziwa yakamkauka siku mbili. Akenda kwa Jumbe mara ya tatu.

"Jumbe wangu, nakusihi! Tupunguze. Turudishe mfuto."

Jumbe akamtazama kutoka juu ya machila. "Nipunguze nini, Mashavu? Kila aliye hapa ni wa lazima."

Basi ikafika siku. Jua la utosini, watu wako sokoni, kuku wamejilaza vivulini. Mtama ghalani ukaisha. Punje ya mwisho ikaliwa. Kutafuna kukakoma. Kisha sakafu ya ghala ikapasuka, pwaa! Zimwi likatoka.

Msiniulize lilifananaje. Waliolitazama vizuri hawakukaa wakasimulia. Mimi nimeambiwa tu kwamba lilikuwa kubwa kuliko ghala lililotokea, na kwamba sehemu kubwa ilikuwa mdomo. Jumbe alipoliona alificha kichwa chini ya mto wa machila.

"Mtama umekwisha," likasema Zimwi, "lakini njaa haijaisha. Mlinizoesha. Sasa pimeni nyumba. Kibaba cha nyumba ni watu wanne. Wa tano ni kilele."

"Wa tano yupi?" akauliza Jumbe.

"Kilele ni kile kilichokaa juu. Aliyebebwa ndiye kilele."

Akina mama wote pale sokoni wakapeleka mikono mgongoni, wakashika watoto wao.

Na Jumbe akasema nini? Akasema, "Sawa. Mashavu, pima. Anza na kwako."

Mashavu akaanza kutembea. Nyuma yake Zimwi, na nyuma ya Zimwi machila, na nyuma ya machila mji mzima. Njiani akahesabu. Mimi, mmoja. Mshangama, wa pili. Mama mkwe, wa tatu. Binti yangu, wa nne. Kichwa cha Sikujua kilikuwa kimelala begani kwake, kina jasho, kinanuka maziwa. Akahesabu upya, akianzia kwa mama mkwe. Ikaja tano. Akaanza na binti. Ikaja tano. Alitamani asingejua kuhesabu maishani mwake.

Wakafika. Mshangama na mama mkwe walikuwa wamesimama mlangoni na yule binti katikati yao.

"Pima!" likasema Zimwi. Pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka mtama uliochachuka. Ikamfunua Mashavu kilemba, ikamgusa mtoto shavuni, mtoto akaamka, akalia.

Hapo Mashavu akajua kwamba atakufa leo, na kwa kuwa alikwishajua hivyo, ulimi wake ukafunguka. Akapiga magoti kama alivyozoea ghalani.

"Bwana mkubwa," akaliambia Zimwi, "mimi ni mpimaji, nitapima. Lakini wazee waliopatana nawe walikuwa na desturi mbili. Kibaba cha kwanza ni cha nyumba kubwa. Na kilele hakichukuliwi kabla mwenyewe hajapewa fimbo. Akifuta, amefuta. Asipofuta, ni chako. Hukuzisikia miaka yote ile?"

Zimwi likakunja uso. Lilizisikia. Miaka yote lilipokuwa na njaa lilisikia fyuu, fyuu juu ya kichwa chake. Mazimwi ni maovu, lakini agano hayalivunji, na hapo ndipo yanapotushinda.

"Ilikuwa hivyo," likasema. "Haya, nyumba kubwa kwanza."

Mashavu akachomoa kijiti kwenye ua wa jirani, akamnyooshea Jumbe.

"Jumbe wangu, nyumba yako ina watu arobaini na wewe. Futa."

"Nifutie wewe, mwanangu!"

"Sifuti mimi. Anayefuta ni mwenye kibaba, kwa mkono wake."

Jumbe akakishika kijiti. Zimwi likasogea hatua moja. Jumbe akapaza sauti, "Nawafuta kazi wapiga zumari!" Fyuu! Wapiga zumari wakatimua mbio makwao kushika majembe, na Zimwi likapungua, likawa sawa na ghala.

Hatua ya pili. "Nawafuta wapepezi! Nawafuta wasimamizi!" Fyuu! Zimwi likapungua, likawa sawa na ng'ombe dume.

Hatua ya tatu. Jumbe, jasho likimtiririka, akafuta waonja vyakula, akafuta wasifiaji, akafuta mpaka wakeze watatu, wakarudi kwa baba zao wakicheka. Fyuu! Zimwi likawa sawa na mbuzi. Mdomo tu ndio haukupungua, ulibaki uleule.

"Nimemaliza," akasema Jumbe, akihema. "Sijabaki na mtu."

"Wamebaki wachukuzi wanne," akasema Mashavu.

"Hao ni wa lazima."

"Jumbe wangu, wanne ndicho kibaba kamili. Wewe ni wa tano, na umebebwa. Shuka. Tembea. Ni hatua chache tu." Na Mashavu alikuwa akilia kweli, maana hakumwombea mabaya. "Nakusihi, shuka!"

Jumbe akatazama chini. Akaona vumbi, akaona mavi ya mbuzi, akaona miguu ya watu wake iliyopasuka magaga. Akatoa mguu mmoja nje ya machila. Unyayo wake, mwororo kama wa mtoto, ukakaribia ardhi. Akakumbuka mwiba. Akaurudisha mguu ndani.

"Mmoja tu," akasema. "Mmoja ana nini?"

"Mmoja ni kilele," likasema Zimwi.

Wachukuzi hawakuona kitu. Waliona tu mzigo umekuwa mwepesi ghafla, wakageuka, wakakuta machila matupu, na mto una joto bado. Zimwi lilijilamba. Likaangalia mgongo wa Mashavu, likamwangalia Sikujua muda mrefu, mrefu sana.

"Nimeshiba," likasema, "kwa mwaka huu."

Likarudi ghalani, likaingia kwenye ufa wa sakafu, na ufa ukajifunga.

Hapo mtu mmoja akacheka, wa pili akapiga kigelegele, na wa tatu akapaza sauti, "Mashavu ndiye Jumbe wetu! Katuokoa!" Watu wakaruka kwa furaha. Wakamkimbilia. Wale wachukuzi wanne, wanaume wenye nguvu wasio na kazi, wakamshika huku na huku.

"Mbebeni! Mbebeni juu!"

Miguu yake ikaacha ardhi. Akapanda, na Sikujua mgongoni, juu ya mabega ya wale wanne, juu ya vichwa vya mji. Na kutoka chini kabisa, chini ya kelele na vigelegele, Mashavu peke yake akasikia kitu kinameza mate.

"Nishusheni!" akapiga ukelele. "Nishusheni! Nishusheni!"

Wakamshusha, wakishangaa. Alikaa pale mavumbini, kamkumbatia mwanawe. Siku hiyohiyo kila nyumba ikachonga fimbo yake. Kazi zikarudi kuwa tatu. Mashavu alitawala miaka mingi, na alitembea kwa miguu mpaka alipozeeka, na hata alipougua hakukubali kubebwa. Alikwenda kwa mganga akitambaa.

Hadithi yangu naifuta hapa, haina kilele. Ikiwa tamu, gawaneni sawasawa. Ikiwa chungu, nimeionja mimi wa kwanza. Funzo lake ni hili: anayekusanya kodi aijue kazi yake, na kazi ikiisha naye aishie hapo, na anayetoa kodi asiiachie fimbo mkononi mwa mwingine. Ukisikia mkubwa anasema "ni kidogo tu", tega sikio sakafuni.

Nami niliomba hindi moja la kuchoma kwa malipo ya hadithi. Naona mmeniwekea mawili. Nani kaweka la pili? Aliondoe upesi, jamani. Mimi nimekaa juu ya kigoda.