Muhanga na Visima Vitatu

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni karibu. Mbeyu, mpishe mdogo wako akae.

Hapo zamani za kale nchi ya nyika ilikosa mvua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mito ikakauka. Mwaka wa pili madimbwi yakakauka. Mwaka wa tatu maziwa yakakauka vifuani mwa mama wanyama, na haikupita siku bila mtoto kuzikwa.

Katika nchi hiyo alikuwako Muhanga, mnyama mwenye pua ndefu na kucha kama majembe. Ukoo wake wote ulikuwa wa wachimba visima, lakini ugonjwa uliwamaliza, akabaki yeye peke yake, naye kikongwe. Wanyama wakamwendea, wakamwomba awachimbie kisima. Muhanga akasema:

"Kisima kimoja naweza. Kikikauka nami sipo, mtamwendea nani? Nipeni watoto wenu niwafundishe."

Wakanung'unika. Walitaka maji, si masomo. Lakini hawakuwa na pengine pa kwenda. Ngiri akaletwa kwa sababu alikuwa na nguvu. Nungunungu akaletwa na mama yake, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Pimbi alikuja mwenyewe. Alikuwa yatima, mdogo, na nyayo zake laini hazikuwa na kucha za maana. Wenzake wakamcheka. Muhanga hakucheka, akampa sehemu yake ya kuchimba kama wenziwe.

Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Kila waliposhuka kidogo, Muhanga aliwasimamisha, akawaambia waweke pua chini na waulize.

"Udongo, udongo, unasemaje?"

Maana zamani, wajukuu zangu, udongo ulikuwa unajibu. Ukasema, "Mimi ni mkavu. Piteni."

Siku ya saba wakagonga mwamba. Ngiri akatupa udongo aliokuwa ameushika, akasema huyu ni mwalimu gani asiyejua maji yalipo, akaenda zake. Wazazi nao wakaja kulaumu. Muhanga hakubishana nao. Aliwaambia wale wanafunzi wawili waliobaki walifukie shimo, asije mtoto wa mtu akatumbukia. Walipokuwa wakifukia akawauliza: tulianza na udongo wa rangi gani? Ukafuata upi? Ulinukaje? Pimbi alikumbuka wote.

— Na Nungunungu, bibi?

Nungunungu alikumbuka nusu. Mwalimu akamwambia nusu si haba.

Mpo?

— Tupo!

Basi wakaenda kwenye mto uliokauka, wakaanza kisima cha pili. Wakachimba, wakachimba, wakachimba. "Udongo, udongo, unasemaje?" Udongo ukajibu, "Mimi ni mchanga. Msiniamini."

Muhanga alisikia. Lakini asubuhi ile walikuwa wamezika watoto wanne, naye akawa na haraka. Akasema waongeze kidogo tu. Nungunungu akashuka mbele. Mchanga ukaporomoka, ukamfunika. Walimfukua kwa mikono, kwa meno, kwa pua, na walipomfikia alikuwa hapumui.

— Alikufa?

Alikufa, Mbeyu.

Muhanga hakumtuma mtu. Alimbeba mwenyewe mpaka kwa mama yake. Mama Nungunungu akamtazama mwanawe, akamtazama mwalimu, akasema, "Nilikupa mmoja, na ndiye niliyekuwa naye." Kisha akaingia ndani. Muhanga akabaki mlangoni mpaka jua likazama, na hakuna aliyemwambia keti wala ondoka.

Akarudi kwake, akajilaza, akakataa kula. Alijiambia hatafundisha tena. Siku ya tatu Pimbi akaja, akapiga magoti karibu na kichwa chake. Hakumpa pole, kwa kuwa hakujua pole ya kumpa. Alimwuliza hivi:

"Mwalimu, mchanga ule tungeuzuiaje?"

Muhanga akalia. Alilia kwa muda, Pimbi akingoja. Halafu akainuka, akachukua kijiti, akachora chini.

"Mdomo wa shimo uwe mpana. Pembeni tukate ngazi, na kuta tuzikingie fito," akasema. "Haya niliyajua, Pimbi. Nilikuwa na haraka. Kosa ni langu. Wewe usilirudie."

Wakaanza kisima cha tatu, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Kucha za Muhanga zilikuwa zimekwisha, hakuweza kushuka tena. Aliketi kwenye mdomo wa kisima akifundisha kwa sauti. Pimbi akachimba, akachimba, akachimba, nyayo zikachubuka zikatoka damu. "Udongo, udongo, unasemaje?" "Mimi ni mkavu. Pita." Sauti ya mwalimu ikawa ndogo. Ikawa ya kunong'ona. Siku ya tisa haikusikika kabisa.

Pimbi akaweka pua chini, akauliza peke yake. Udongo ukasema, "Mimi ni mbichi."

Akajaza kinywa tope, akapanda ngazi mbiombio, akampaka mwalimu puani apate kunusa. Pua ilikuwa ya baridi.

Pimbi akakaa naye kidogo. Angetaka kukaa zaidi. Lakini tope si maji, na wanyama wenye kiu walikuwa wanangoja. Akashuka tena, akachimba siku mbili, hata maji yakatoka, machafu, machache.

Wanyama wakaja kunywa. Ngiri naye alikuja, ameinamisha kichwa, na Pimbi hakumfukuza. Lakini waliokunywa walikuwa wachache kuliko waliokufa, na hata kwa uchache wao kisima kile hakingetosha mwezi.

Wa mwisho alikuja Mama Nungunungu. Alikunywa polepole. Alipomaliza hakuondoka. Alizishika zile fito za ukutani moja moja, akazitikisa kuona kama zinalegea. Kisha akamwambia Pimbi:

"Nifundishe."

Kesho yake wakaanza kisima cha nne.

Wajukuu zangu, mkifundishwa jambo lishikeni, hata likiwaumiza, kwa maana aliyewafundisha huenda asiwepo siku mtakapolihitaji. Na ninyi msilifiche; mpeni mwenzenu.

Hapo ndipo nilipoikuta ngano hii, na hapo ndipo ninapoiacha.