Chuma cha Kumfaa Lanyero

Kuna watu ambao ukiwapa shamba wataomba jembe, ukiwapa jembe watauliza mpini wake ni wa mti gani, na mvua itakatika wangali wanauliza. Nyongesa Wamalwa, mhunzi wa Kisenyi, mtaa wa magereji, hakujua kwamba yeye ni mmoja wao. Nani hujijua?

Alikuwa ametoka Bungoma, nchini Kenya, na mkono wake ulikuwa na sifa katikati ya magereji yale yote. Mashoka, visu, mapanga: alivifua kwa springi za malori mabovu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Hadi siku alipoingia Lanyero.

Lanyero alikuwa dada wa askari mmoja wa Gulu, na riziki yake ilikuwa kule Ggaba kwenye soko la samaki, kupasua vichwa vya sangara kwa ajili ya akina mama wauza mchuzi. Panga lake lilikuwa limevunjika. Tangu hapo aliazima la Kaltumi, jirani yake sokoni, naye Kaltumi akilihitaji alilinyakua katikati ya kazi, wateja wakaenda zao na samaki wakabaki na nzi.

"Fundi, nataka panga nzito," alisema. "Ya kupiga mara moja tu, kichwa inafunguka. Watu wanasema hapa Kisenyi ni wewe."

Alicheka aliposema hivyo, na Wamalwa akapotea kabisa. Kwa desturi angejibu, "Njoo Jumamosi." Badala yake alisema, "Wewe nitakutafutia chuma cha pekee." Moyoni alikuwa amekwisha apa kwamba panga hilo ndilo litakaloposa kwa niaba yake. Mbele ya wanawake ulimi wake ulikuwa mzito. Basi acha chuma kiseme.

Lanyero aliporudi Jumamosi alikuta springi nzuri ya lori imewekwa kando. Wamalwa aliigonga, ikalia vizuri; akaigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme, ikatoa cheche nyeupe tele. Ingekuwa ya mteja mwingine, ingeshafuliwa.

"Hapana," alisema. "Hii imebeba mizigo miaka mingi. Huenda imechoka ndani."

Juma lililofuata alipata msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao, akauona mwembamba. Kisha kipande king'aacho cha mashine ya maziwa, akasema hakishiki makali. Kisha beringi kubwa kama sahani: gumu mno, litapasuka kama kigae. Akafunga safari hadi Jinja kwa tetesi za chuma cha ajabu kilichoachwa na Wazungu, akarudi mikono mitupu. Miezi ikaenda.

Lanyero naye alikuja kila Jumamosi. Mwanzoni alikuja kwa ajili ya panga. Baadaye, jamani, mtu hapandi gari kutoka Ggaba kila juma kwa ajili ya chuma tu! Alikaa kwenye kigoda, akamsimulia habari za mama yake aliyetoka kambi ya waliokimbia vita na kurudi kijijini, peke yake, bila mtu wa kumtekea maji. Wamalwa alisikiliza huku akitamani jua lisisogee. Lanyero akiondoka, kibanda kile kidogo kilikuwa kikubwa mno. Hofu nyingine ikamwingia: panga likikamilika, atarudi tena kwa kisingizio gani?

"Fundi, mimi nitazeeka," alimtania siku moja. "Piga hata ile ya kwanza. Mimi nitaipenda."

"Vumilia kidogo. Wewe huwezi kupewa kitu hivi hivi."

Lanyero alimkazia macho. "Na kama kitu haijapatikana, huna hata neno?"

Neno alikuwa nalo, limemjaa kifuani. Akainamia mvukuto, akapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

Jumamosi mbili zilipita bila Lanyero. Wamalwa hakulala vizuri hata siku moja. Ya tatu akaja, akatoa panga kwenye gunia.

"Nisaidie kunoa. Aliyepiga hana jiwe."

Ilikuwa springi ya lori. Wamalwa alijua kwa kulishika tu. Mgongo ulikuwa umepinda, alama za nyundo zimejaa, na mpini umefungwa kwa mpira wa tairi.

"Nani amefua hili?"

"Otim. Ni dereva, fundi si yeye. Aliona naazima panga, akaomba moto kwa watu wa gereji, akapiga siku mbili mpaka mkono ikafura. Ameshaongea na kaka yangu. Kesho kutwa tunaenda Gulu, kwa mama."

Wamalwa alipitisha kidole kwenye makali. Akasema kitu pekee alichozoea kukisema. "Limepinda, Lanyero. Tena hakulizimisha vizuri kwenye oili likiwa la moto. Makali hayatadumu."

"Najua. Lakini iko." Machozi yakamlenga. "Wewe ungenipa hata bati, Nyongesa, ningekaa."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Wamalwa akawasha jiwe, akalinoa panga la mwenzake kwa uangalifu ambao hakuwahi kulipatia panga lolote, polepole, maana alijua likiisha ataondoka. Likaisha. Akalikabidhi kwa mikono miwili. Alitaka kusema, usiende. Alisema, "Lipake mafuta lisishike kutu."

"Asante, Fundi," alijibu Lanyero, akaenda.

Mpaka leo Jumamosi ikifika Wamalwa huweka nyundo chini na kutazama mlangoni, moyo ukimwuma vilevile. Vyuma vyema anavyo tele; aliyevitaka yuko Gulu. Na hana wa kumlaumu, kwa maana hukumu yake ilitolewa na wahenga kabla hajazaliwa: mchagua jembe si mkulima.