Jicho Lililotazama Kaniki

Atakayesema naongopa aseme sasa hivi, kabla sijaanza, nimwone uso. Hakuna? Wewe uliyekaa karibu na birika, mbona wacheka meno yote thelathini na mawili? Haya, cheka. Nikimaliza utayafunga mwenyewe.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni Jumatatu iliyopita, hapa hapa Tanga, palikuwa na duka la vitambaa. Si duka la kusimama mlangoni ukamaliza kuliona. Duka refu, vioo mbele kutoka sakafuni mpaka darini, na taa tisini na sita. Idadi naijua kwa sababu nilizifunga mimi, Sudi, niliyeacha shule darasa la sita, na bado walioimaliza wakikaa gizani wananipigia simu.

Mwenye duka ni Mzee Mbaruku. Alilibomoa la zamani akajenga hili, na ofisi ya ukaguzi ikamwambia: duka jipya, kanuni mpya. Umeme haumwagwi kama maji ya bomba lililopasuka. Duka likishafungwa, taa zijizime zenyewe. Stoo ikiwa haina mtu, taa ya stoo ilale. Taa za kuonyeshea bidhaa dirishani ziwe na swichi yake, zisiburute za ndani. Na ya mwisho, iliyotutoa jasho: jua likiingia kwa vile vioo, taa za mbele zififie zenyewe, bila mkono wa mtu.

Bila muhuri wa mkaguzi, duka halifunguliwi. Wauzaji wanane walikuwa makwao wiki ya saba, wakingoja. Mzee Mbaruku akatuita watu watatu, akasema: "Atakayelipitisha duka hili kwenye ukaguzi, chumba cha kona ni chake mwaka mzima, bila kodi."

Chumba cha kona! Mnakipita kila siku. Madirisha mawili, barabara mbili, mwanga tangu asubuhi mpaka alasiri.

Wa kwanza kukitamani ni Injinia Mutalemwa. Mtu wa shati jeupe na kalamu nne mfukoni, lakini ofisi yake ni buti ya gari. Mteja akija anafungua buti, anakunjua michoro kama muuza mitumba. Alitaka meza na mlango wenye jina lake.

Wa pili ni mimi. Nilikwisha kuziona herufi ukutani: SUDI UMEME, nyekundu, ndefu kama mkono wangu.

Wa tatu ni Bi Saumu. Huyu ameuza vitambaa kwa Mzee Mbaruku miaka ishirini na miwili. Macho yameanza kumwingia ukungu. Nyumbani ana cherehani katika chumba kisicho na dirisha. Anashona kwa kupapasa. Akiupata ule mwanga wa kona, atashona miaka mingine kumi. Asipoupata, cherehani anaiuza. Alisema hivyo mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Basi injinia akachora. Mimi nikafunga. Bi Saumu akapanga nguo, na kwa kuwa wenzake walikuwa hawajaitwa kazini, akanishikia ngazi.

Sasa sikilizeni kuhusu jicho. Ile kazi ya kufifisha taa hufanywa na kidude cha darini, hakizidi kizibo cha chupa. Mafundi tunakiita jicho. Linatazama chini. Likiona mwanga mwingi linaziambia taa: punguzeni. Likiona giza linaziambia: wakeni. Ndiyo kazi yake yote. Halisomi, halijui Jumatatu wala Ijumaa.

Nililijaribu Ijumaa. Jua likaingia, taa zikafifia kama mtu anayesinzia. Nikampigia simu Mzee Mbaruku: "Mwite mkaguzi. Ukiniona nimekosea, nikate sikio."

Mkaguzi akaja Jumatatu saa nne asubuhi. Mama mmoja mfupi, Bi Ndelilio, na faili kubwa kuliko kifua chake. Akasogeza saa ya mitambo mpaka wakati wa kufunga: taa zikajizima. Akaandika. Akatutoa stoo, akafunga mlango, akahesabu dakika: taa ikalala. Akaandika. Akabonyeza swichi ya dirishani: za dirishani zikazimika, za ndani hazikutikisika. Akaandika. Mimi nimeegemea ukuta, mikono kifuani.

Akafika mbele. Jua limejaa duka zima, unaweza kuanika mpunga. Na taa za mbele zinawaka zote, kali, kama za harusi.

Akauliza: "Hizi zinashindana na jua?"

Nikasema: "Zinapata moto kwanza, mama."

"Zinapata moto." Akafunga faili. "Nitarudi saa nane. Nikizikuta hivi, muhuri wangu utarudi hapa mwezi ujao."

Mzee Mbaruku alinitazama sikio. Nikapanda ngazi. Nikashuka. Nikapanda. Nikabana waya zilizobanwa. Nikashuka. Nikapanda tena. Taa zinawaka tu, zinanidhihaki! Mimi! Mzee yuko kwenye simu anamfokea injinia aliyekuwa Muheza: "Njoo uone uchafu wako!"

Bi Saumu alikuwa amesimama kando ya meza ya kati, kashika pindo la kaniki. Akasema polepole: "Sudi mwanangu, Ijumaa zilififia?"

"Zilififia, bibi, niache nifanye kazi."

"Ijumaa chini ya jicho lako palikuwa na nini?"

"Meza."

"Na juu ya meza?"

Nikageuka kuitazama meza. Nyote mnaijua desturi ya duka lile, tangu enzi za baba yake Mbaruku. Ijumaa meza ya kati hutandazwa vitambaa vya kanzu, vyeupe. Jumatatu hutandazwa kaniki, nyeusi tii, maana ndiyo siku wanayoshuka akina mama wa mashamba. Duka limefungwa, hakuna wa kanzu wala wa kaniki, lakini desturi ni desturi. Bi Saumu alikuwa ametandaza.

Akasema: "Mteja hutoka na kitambaa mpaka mlangoni kwa nini? Kwa sababu nguo ina tabia na mwanga. Nyeupe inaurudisha. Kaniki inaunywa wote, haiachi hata tone. Jicho lako halitazami jua, mwanangu. Linatazama kaniki, linadhani ni usiku."

Akaisukuma meza, kaniki na vyote, mpaka ukutani. Pakabaki sakafu tupu, vigae vyeupe. Taa zikafifia.

Saa nane Bi Ndelilio akarudi. Akatazama juu, akatazama chini, akasema meza isirudi pale maisha, Mzee Mbaruku akaapa haitarudi. Mama akagonga muhuri. Ule mlio wa muhuri, nakwambieni, ulikuwa mtamu kuliko nyama choma!

Hapo ndipo gari la injinia likafika. Shati jeupe, kalamu nne. Hata salamu hakutoa. Akatazama dari.

"Nani kaliweka jicho hapa? Mimi nililichora kule karibu na vioo."

Nikamwambia: "Si ulinipigia simu, ukasema weka popote panapofaa?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Sijawahi kukupigia simu, fundi wa mtaani we!"

Mmesikia? Fundi wa mtaani! Mtu ambaye ofisi yake ina matairi manne ananiita mimi wa mtaani! Damu ikanichemka. Nikasema, aliyejikunja darini siku tisa ni nani? Aliyemeza vumbi la dari ni nani? Wewe bisibisi umeishika lini, au unaijua kwa picha?

Mzee Mbaruku akainua mkono. "Saumu, wewe ulishika ngazi. Simu ilipigwa?"

Bi Saumu akatazama vigae. Akasema: "Mimi naangalia nguo, Mzee. Simu siangalii."

Basi Mzee akamgeukia injinia, akamwambia mchoro wake umemtia aibu mbele ya serikali. Na maneno ya Mbaruku hayabaki dukani. Kabla ya magharibi, wenye maduka wawili waliokuwa wampe injinia kazi wakamwambia: ahsante, tutakutafuta.

Lakini chumba bado. Kila mmoja akasema lake.

Injinia akasema: "Chumba ni changu. Kanuni zile nani alizijua? Nani alipanga taa ipi ifuate saa, ipi ifuate mtu, ipi ifuate jua? Bila mchoro, huyu angefunga taa tisini na sita kwa swichi moja, akaiita kazi."

Nikasema: "Chumba ni changu. Mkaguzi hakukagua karatasi, alikagua taa. Taa ni zangu. Mchoro haujawahi kumwangazia mtu hata akaona kidole chake."

Bi Saumu akasema, kwa sauti ile ile ya bei ya unga: "Asubuhi muhuri haukugongwa, mchoro ukiwapo na taa zikiwapo. Mchana ukagongwa. Kati ya asubuhi na mchana, nilisukuma meza."

Mzee Mbaruku akashika kichwa. Injinia alimjengea duka, mimi ni mtoto wa jirani yake, Bi Saumu amemzikia wazazi wawili. Akasema: "Sitaki lawama. Waulizeni watu wa barazani. Watakalosema ndilo, na Alhamisi nampa mtu ufunguo."

Leo ni Jumatano. Ndiyo maana nimewalipia kahawa, mlidhani nawapenda?

Haya, nani alistahili? Inueni mikono. Naam. Naam, mzee wangu. Naona mikono mingi yanielekea mimi, miwili kwa Bi Saumu, kwa injinia hakuna hata kidole. Vizuri sana. Fundi wa mtaani, watu wa mtaani.

Lakini wewe wa birika, sasa hucheki. Mbona waniangalia hivyo?

Sawa. Ipo sehemu nimeiruka.

Simu haikupigwa. Jicho nililisahau ndani ya boksi mpaka dari nimeifunga na rangi nimepaka, na Mzee nimemwahidi siku tisa. Kulipeleka kule kwenye vioo ningetoboa dari upya. Katikati palikuwa na tundu la feni ambayo haikufungwa, wazi, lanisubiri. Nikalitia humo. Bi Saumu kashika ngazi chini, akaniuliza: "Ndivyo mchoro unavyosema?" Nikamjibu: "Mchoro ni karatasi, bibi. Shika ngazi." Akashika.

Na huo mchoro, pembeni mwa jicho, injinia aliandika kwa mkono wake: Chini yake pawe njia, pasiwekwe nguo. Msiseme sikusoma kwa kuwa niliishia darasa la sita. Nilisoma. Nilisoma vizuri sana, nikacheka.

Jana nilimfuata Bi Saumu nyumbani, kile chumba kisicho na dirisha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hakuinua kichwa kwenye cherehani. Akasema: "Nilikuuliza mara moja, nikanyamaza. Ngazi niliishika mimi, Sudi. Ukianguka, nami nimo."

Haya, shusheni mikono. Yuko aliyechora sawasawa, lakini hakuja hata siku moja kutazama, na sasa jina lake linachafuka kwa kosa lisilo lake. Yuko aliyezifunga taa zote tisini na sita, akaharibu kwa jicho moja, kisha akadanganya. Na yuko aliyeponya kwa kusukuma meza, akaujua ukweli, akaufunika, mtu mwingine akaumia.

Kesho ni Alhamisi. Je, ufunguo wa kona alistahili nani?