Shangazi Hana Kigoda

"Chatu huwashiwa moto upande mmoja." Bibi yenu kamwambia hivyo baba yenu asubuhi hii, nikawaona mnakonyezana. Mkadhani bibi kaamka na ndoto mdomoni. Hana ndoto yoyote. Maneno hayo yana wenyewe na yana kwao. Sogeeni hapa, yalianza hivi.

Kule Usukumani, ng'ambo ya Magu, palikuwa na mzee akiitwa Lubinza. Yeye na watu wake walikuwa wayeye, ndio wale wanaocheza ngoma na nyoka. Lubinza alifuga chatu jike, mnene kama paja la mtu mzima, na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kumwita nyoka. Walimwita Shangazi. Shangazi kala? Shangazi kaamkaje? Mgeni asiyejua mambo akisikia Shangazi kameza kuku mzima na manyoya yake, aliaga mapema.

Mwenye kumtunza Shangazi alikuwa Minza, binti wa Lubinza. Alimlea tangu yuko mwembamba kama mkanda wa suruali. Goti la baba lilipoanza kumsumbua, Minza akasema mwaka huu nitambeba mimi uwanjani. Baba alikubali, lakini kukubali kwenyewe kulikuwa kwa nusu mdomo.

Sasa lazima niwaambie kuhusu uwanja, maana bila hivyo hamtaelewa. Watu wakishavuna, pande mbili zinakutana kushindana ngoma. Huku wanacheza hawa, kule wanacheza wale, kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbilia kwenye utamu. Ukibaki na mbuzi wako na wifi yako, umeshindwa. Na mavuno yakiisha ndiyo kipupwe kinaingia. Mwaka wa nyuma Shangazi alitolewa asubuhi ya baridi akalala chini, kimya, hata ulimi hatoi. Upande wa pili kiongozi wao alikuwa Ngasa, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo. Akapaza: "Jamani, wenzetu wamekuja na kamba ya ng'ombe! Ng'ombe wenyewe wako wapi?" Uwanja mzima ukahamia kwake. Lubinza alirudi nyumbani hasalimii mtu.

Kwa hiyo kipupwe kilipoingia tena, Lubinza alisema Shangazi hataonja baridi. Chatu alikaa kwenye kijumba cha matofali ya tope, kirefu, kimefunikwa mbao juu. Mzee akachoma mawe motoni akayaingiza mle ndani. Akapanga vyungu vya makaa kila pembe. Juu akatandaza ngozi za ng'ombe. Mtu mkubwa akija kwako unamsogeza motoni, si ndivyo? Na Shangazi alikuwa mtu mkubwa. Lubinza alimfanyia heshima zote alizozijua.

Minza alikuwa anachungulia, na moyo wake haukutulia. Shangazi alikuwa anazunguka bila kupumzika. Anasukuma mlango kwa pua, anarudi, anasukuma tena, mpaka pua ikatoka damu. Mdomo wazi. Minza hakuwahi kumwona hivyo. Akawaza, huyu atanifia, na ngoma imekaribia.

Asubuhi moja wazee walikuwa wanaota moto uani, kila mmoja na kigoda chake. Lubinza akafika na koleo lake la makaa.

"Ongezeni mabua hapo," akasema. "Nataka makaa mengine. Shangazi bado anahangaika na baridi."

Wakatupa mabua ya mtama. Mabua mnayajua, hayana subira. Moto uliruka juu, wazee wote wakavuta vigoda nyuma, Lubinza wa kwanza.

Minza alikuwa amesimama pale na kibuyu cha maziwa. Akatazama vile vigoda. Akamtazama baba yake.

"Baba, mbona umesogea?"

"Moto umekuwa mkali, mayu." Ndivyo alivyomwita, mayu, yaani mama. "Ulitaka niive?"

"Na Shangazi kigoda chake kiko wapi?"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Apewe kigoda! Na kiko cha tumbaku, na kofia ya jua!"

Minza hakucheka. "Shangazi hana kigoda cha kuvuta nyuma, baba. Umemwashia mbele, nyuma, kulia na kushoto. Moto ukimzidi atakwenda wapi?"

"Mimi nimebeba chatu wewe hujaota jino," Lubinza akasema. "Mgeni mkubwa hanyimwi moto."

"Hanyimwi, baba. Lakini hafungiwi ndani ya moto."

Kicheko kikakatika. Lubinza akaangalia miguu yake, akaangalia kile kigoda alichokwisha kukivuta mwenyewe. Akaweka koleo chini, akamfuata binti yake.

Wakafungua kijumba wakamtoa Shangazi. Tumboni alikuwa na doa la kuungua, upana wa kiganja. Chatu ndivyo alivyo, watoto. Akipata jiwe la moto analilalia, linamchoma, na yeye hajui kama anachomwa. Lubinza alipitisha kidole pembeni ya lile doa, polepole, kama anapapasa kichwa cha mtoto mgonjwa.

"Haya, mayu. Panga wewe."

Minza akatoa mawe yote. Vyungu akabakiza kimoja tu, nacho akakiweka nje, kimeegemea ukuta wa mwisho, makaa yake yamefunikwa majivu. Moshi ukabaki nje, ukuta ukapata joto, Shangazi asiguse moto wala moto usimguse yeye. Upande wa pili akaacha kivuli, akaweka beseni la maji, akatoboa matundu ya hewa. Akawa anapima kwa mgongo wa mkono. Joto alilolitaka ni lile la kiota ambacho kuku ameinuka sasa hivi. Likizidi hapo, anaongeza majivu.

Mzee alipata taabu, nisiwafiche. Kila akipita anatamani kusogeza chungu cha pili. Lakini akaanza kuona jambo. Asubuhi Shangazi yuko kwenye ukuta wa joto. Jua likipanda, kahamia kwenye maji. Jioni huyo karudi. Hakuna aliyemwambia. Lubinza akawa anaita majirani, "Njooni muone, kahama mwenyewe! Nimewaambia huyu ana akili!" Utasema yeye ndiye aliyegundua. Pua ikapona, doa likakauka, akameza kuku.

Siku ya ngoma ikafika. Minza akajifunga shanga, akamnyanyua Shangazi mabegani, bado ana joto la ukutani. Kugeuka, anaona baba kapanga vijana wanne wenye fimbo: mbele yake, nyuma yake, kulia, kushoto.

"Hawa wa nini, baba?"

"Wa kukulinda. Chatu ni chatu."

Minza akatabasamu. "Baba, na mimi niwashie upande mmoja."

Ngoma za Ngasa zilikuwa zimeshaanza kule. Lubinza akawapungia mkono wale vijana, wakaondoka. Akachukua kigoda chake, akakaa upande mmoja wa uwanja, peke yake, na goti lake bovu.

"Kamba imefika!" Ngasa akapiga kelele.

Minza akaingia anacheza. Shangazi akainua kichwa juu ya kichwa cha binti, akatoa ulimi, akajiviringisha kiunoni kwake, akashuka, akapanda, kila anapotaka, na Minza anamfuata kama wamezaliwa tumbo moja. Kilipopigwa kigelegele cha kwanza, watu walianza kukimbia kutoka kule kuja huku, na vumbi lao. Walikuja wote. Walikuja mpaka wapiga ngoma wa Ngasa.

Mwisho Ngasa mwenyewe akaja, tumbo mbele, jasho linamtoka. Akainama kwa Lubinza akanong'ona, "Bwana, nipe hiyo dawa. Mmempa dawa gani?"

Lubinza hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwa binti yake, yule peke yake katikati ya uwanja, hana fimbo mbele wala nyuma, na watu wanapiga kelele za jina lake. Mzee alijaa fahari mpaka shanga za kifuani kwake zikawa zinacheza zenyewe.

"Dawa?" akasema. "Muulize yule. Mimi kanifundisha moja tu: chatu huwashiwa moto upande mmoja."

Huyo Minza ndiye aliyemzaa bibi yenu. Na baba yenu akianza tena, kama asubuhi hii, kupanga dada yenu asome nini, akae wapi, aolewe na nani, mkumbusheni kwa adabu. Umpendaye mpe joto, umwachie na pa kusogea. Chatu huwashiwa moto upande mmoja.