Fisi, Mganga wa Mikia

Zama zile ambapo wanyama walisalimiana kwanza ndipo wakalana, jua liliikalia nyika mpaka mito ikasahau njia zake. Swala walihama, pundamilia wakawafuata. Kikabaki kisima kimoja tu. Simba, ambaye hata kiu haikumpunguzia majivuno, alitangaza kwamba kisima ni chake, ila kwa ukarimu wake mkubwa angewaruhusu wengine wanywe kwa zamu.

Ulinzi wa kisima walipewa mbwa. Kazi yao ilikuwa kupanga foleni, kutuliza ugomvi na kumzuia Nguruwe asioge ndani. Ujira wao ulikuwa mifupa inayobaki mezani kwa Simba. Zamani mifupa hiyo ilikuwa ya Fisi, na Fisi ni kiumbe anayeweza kumsahau mamaye lakini si mfupa.

Mkuu wa walinzi aliitwa Chapuo, mbwa wa kifua kipana na maneno machache. Mkewe Semeni alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Walikuwa na watoto waliofumbua macho juzijuzi tu. Mkia wa Chapuo ulikuwa mrefu, umepinda juu kama mundu. Kila alipotoka zamu, watoto waliuona ukielea juu ya majani makavu kabla hawajamwona baba yao, wakaanza kubweka kwa vile visauti vyao kama vya vyura.

Siku moja Fisi alikuja kisimani amejifunga kibuyu kiunoni na mkufu wa hirizi shingoni. Hakuomba maji. Alikaa karibu na Chapuo, akamtazama mkiani, akatikisa kichwa, akaguna.

"Kuna nini?" Chapuo akauliza.

"Si kitu."

"Mbona unaguna?"

"Nimemkumbuka marehemu ndugu yako."

Ndugu yake Chapuo alikufa kwa kichaa masika yaliyopita, povu likimtoka, hamjui mke wala mama. Hakuna mbwa aliyependa kulitaja jambo hilo, na Chapuo ndiye aliyelichukia kuliko wote.

"Kichaa kile hakikuletwa na upepo," Fisi alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mdudu, mweupe, mwembamba kama uzi. Makazi yake ni ncha ya mkia. Akishiba hupanda uti wa mgongo polepole mpaka kichwani. Na huo wako nikiuangalia... lakini mimi ni nani? Fisi tu."

Chapuo alijikuta ameukalia mkia wake.

"Na dawa yake?"

"Ni kuukata kabla hajapanda. Mimi meno yangu ni makali, hutasikia kitu. Ni kama kuumwa na siafu. Na mkia wenyewe nitauchukua nikauzike mbali, maana mdudu yule hafi upesi."

Semeni, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa mwisho kivulini, aliinua kichwa. "Bwana Fisi, huo uganga umeusomea wapi?"

"Kwa marehemu babu, shemeji. Amenijia ndotoni."

"Babu yako si alikufa kwa kuvimbiwa?"

"Ndiyo maana ana nafasi ya kunijia."

Huenda mambo yangeishia hapo kwa kicheko, lakini habari ilimfikia Simba. Simba hakujali mdudu. Alichojali ni sura ya walinzi wake mbele ya wageni.

"Nimewatazama hawa mbwa," alisema, huku akizichana nywele zake kwa kucha. "Wanamtikisia mkia kila apitaye, hata Nguruwe! Mlinzi wa mfalme hachekicheki kwa makalio. Mikia ikatwe. Watapendeza, tena watatisha. Waanze walinzi wenyewe, na watoto wao wafuate mwezi ukiandama."

Basi kesho yake Fisi alijitengenezea ukumbi nyuma ya kichaka cha miiba, na mbwa wakapanga mstari. Chapuo, kwa kuwa ni mkuu wao, aliingia wa kwanza. Semeni alisikia kutoka kwa mumewe sauti ambayo hakuwahi kuisikia, hata siku ile alipotupwa na pembe za nyati. Kisha akamsikia Fisi akisema kwa bashasha, "Tayari! Kama siafu, au sivyo?"

Chapuo alitoka akitembea kama aliyekanyaga makaa. Aliwatazama wenzake waliokuwa wakisubiri kwenye mstari, masikio yamewalala kwa woga.

"Kama siafu," akasema, akapita.

Jioni Fisi aliondoka na furushi lake kwenda kuzika. Aliporudi, tumbo lilikuwa mbele yake kama mwenyeji anayemwongoza mgeni.

"Na hayo manyoya menoni?" Semeni alimwuliza.

"Mswaki wangu, shemeji. Umechakaa."

Siku zilizofuata nyumba ya Semeni haikuwa ile. Chapuo aliporudi kutoka zamu, watoto waliona kivuli kikubwa kikija, kitupu nyuma, hakisemi kama kimekasirika au kimefurahi. Walijificha nyuma ya mama yao.

"Ni mimi," Chapuo alisema. Ikabidi aseme mara ya pili.

Kisimani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zamani mlinzi aliinua mkia, wenzake wakajua yuko macho. Akaushusha, wakajua amechoka. Akauzungusha, wakajua ni mzaha. Sasa marafiki wawili walioanza utani waliishia kung'atana masikio, kwa sababu hakuna aliyejua mwenzake anacheka. Na siku Nguruwe alipojaribu tena kuoga, Chapuo alimfukuza, akafika kwenye kona ya kisima, akakata kona kama alivyozoea. Mwili ulipinda, lakini nyuma hapakuwa na kitu cha kuusawazisha. Alitumbukia majini mbele ya foleni nzima.

Foleni ilicheka. Fisi alicheka kuliko wote, na kicheko cha Fisi kinajulikana.

Jioni ile Chapuo alilala akilamba kigutu chake. "Watoto nao watazoea," alisema.

"Wewe umezoea?"

Chapuo aliacha kulamba. "Mama watoto, kinachoniuma ni kile kisichokuwepo. Ncha inaniwasha. Nikigeuka kuikuna, hakuna kitu."

Semeni alikesha akiwatazama watoto. Asubuhi alikwenda kwa Sungura.

Sungura alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha kichuguu, mguu juu ya mguu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akacheka kidogo.

"Na kwangu alifika," akasema. "Akanigeuza, akaukagua mkia wangu, akasema mimi sina mdudu. Nikamwuliza, umejuaje? Akajibu, 'Hapa hata mdudu angelala njaa.' Sasa niambie, Bi Semeni, ni mdudu gani huyo anayependa mikia yenye nyama peke yake?"

Manyoya ya Semeni yalisimama mgongoni. "Ameila! Nakwenda sasa hivi kumwambia Simba kwamba ametapeliwa."

"Umwambie Simba amekosea? Basi wasalimie marehemu wote utakaowakuta huko. Simba hakosei, Bi Semeni. Simba huombwa ufafanuzi. Nenda ukamsifu Fisi mbele za watu. Msifu mpaka avimbe, kisha umwulize swali moja." Akamnong'oneza sikioni.

Semeni alitafakari. "Na akijibu kwa akili?"

"Akili anayo. Lakini tumbo lake huwahi kujibu." Sungura alijikuna shavu. "Sasa, kuhusu shukrani. Kwenye foleni mimi huwa nyuma ya Kobe."

"Utakuwa mbele ya Kobe."

"Kobe tu?"

"Kobe tu."

Mwezi uliandama. Asubuhi yake wanyama wote walikusanyika kisimani kuona watoto wa mbwa wakikatwa mikia. Simba alikaa juu ya mwamba wake, mkia ukining'inia pembeni, mnene, wenye kishada cheusi, ukipunga nzi kwa madaha. Fisi alikuwa ameshapiga mswaki, na hii ilikuwa kweli, maana alitaka meno yawe tayari.

Semeni alijitokeza na wanawe. Wadogo walikuwa wakitetemeka, na vijimkia vyao vimejikunja tumboni.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Umechelewa."

"Niwie radhi. Watoto ndio hawa, wala siwakatazi. Nani atamkatalia Bwana Fisi? Tulikuwa tunaangamia, akatuona. Tangu nyika iumbwe hajatokea mganga wa kiasi chake."

Fisi alivuta pumzi, kifua kikapanda. "Usijali, shemeji. Ni kazi tu."

"Ila nina swali, la kijinga kidogo. Huyu mdudu yuko kwenye mikia ya mbwa tu? Sisi mikia yetu ni myembamba. Nikajiuliza, je, mikia minene, ile iliyonona, tena yenye kishada mwishoni, haimpendezi zaidi?"

Fisi alifuata macho ya Semeni. Yalimpeleka juu ya mwamba. Aliuona mkia wa Simba, unavyojinyoosha na kujikunja, umejaa, unang'aa kwa mafuta ya nyama ya miaka mingi. Akili ilimwambia, sema mbwa tu. Tumbo likamwambia, hebu kitazame kile kishada.

"Kadiri mkia ulivyonona," Fisi alisema, mate yakimdondoka mpaka kifuani, "ndivyo mdudu anavyonenepa. Wa mbwa ni kibanda tu, shemeji. Mkia wa kishada ndio nyumba yake ya ghorofa."

Mkia wa Simba ulikoma kupunga nzi.

"Mganga," Simba aliita taratibu, "unazungumzia mkia wa nani?"

Fisi alifumba mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. "Nazungumza... kwa jumla, mtukufu."

Simba aliuvuta mkia wake kwa mguu, akaikagua ncha yake kwa jicho moja, kama asiyetaka kuonekana anakagua. "Na ukikatwa," akauliza, "unauma?"

"Kama siafu, mtukufu! Muulize Chapuo!"

Wote walimgeukia Chapuo. Mkuu wa walinzi aliwatazama wenzake wenye vigutu, kisha akawatazama wanawe.

"Nilisema uongo," alisema. "Niliwaona wenzangu wanaogopa, nami niliogopa kuliko wao, basi nikasema siafu. Uliuma, mfalme. Hata leo unauma."

Mnong'ono ukapita kwenye mstari wa walinzi. Hapo Semeni akasogea hatua nyingine.

"Lakini mganga mwenyewe ana mkia," akasema kwa upole kabisa. "Nao si haba. Naona huruma, yeye ametuokoa sisi, naye hawezi kujifikia. Chapuo, mume wangu, huwezi kumsaidia? Meno unayo."

Fisi alikaa chini kwa kishindo, akaukalia mkia wake. "Wangu hauna mdudu!"

"Umejuaje?" Simba akauliza.

"Hauna! Nakuapia!"

"Ndiyo, lakini umejuaje?"

"Kwa sababu hakuna mdudu!" Fisi alilia. "Hajawahi kuwapo! Ilikuwa njaa, mtukufu, njaa tu!"

Vumbi lilitimka. Kila mwenye kigutu alibweka, na hata Nguruwe, ambaye hakuwa na kesi na mtu, alipiga kelele, "Akatwe! Akatwe!" Chapuo alimwinua Fisi kwa ukosi, akamgeuza. Fisi alijifunika uso, machozi yakipita kati ya vidole vyake. Meno ya Chapuo yaligusa manyoya ya mkia.

"Mwache," Semeni alisema.

Chapuo alizungumza bila kufumbua taya. "Nimwache? Baada ya yote?"

"Mkia wake haukurudishii wako. Utakuwa na kigutu, naye atakuwa na kigutu, basi. Na watoto wanatazama."

Pumzi za Chapuo zilisikika mpaka mwisho wa foleni. Kisha akafungua mdomo, na Fisi akaanguka chini kama gunia.

Simba alikohoa. Kwa kuwa Simba hakosei, aliwaeleza wanyama wote kwamba yeye alilijua hilo toka mwanzo, na kwamba amri yake ilikuwa ni kupima utii wa walinzi, ambao kwa kweli umemridhisha. Hakuna aliyecheka, ila Sungura alipatwa na kwikwi kali akaomba ruhusa ya kuondoka. Fisi alihukumiwa kuzoa tope la kisima mpaka mvua zinyeshe, bila mfupa hata mmoja, chini ya usimamizi wa wale aliowatibu. Kila alipopita mbele yao aliubana mkia katikati ya miguu kwa nguvu zote, na anaubana mpaka leo, ingawa hakuna anayemwomba.

Mvua zilirudi. Majani yakaota, swala wakayakumbuka mabonde yale na kurejea. Mikia haikuota. Walinzi walijifunza kuambiana kwa maneno yale waliyokuwa wakiambiana kwa mkia, na kwa mbwa wasiozoea kusema, lilikuwa somo gumu; Chapuo hakulihitimu. Watoto wake walikua na mikia yao kamili, wakaitikisa kwa kila apitaye, na hakuna mfalme aliyethubutu kuwauliza kwa nini.

Watu waliosikia kisa hiki, wenye mbwa na wasio na mbwa, walitazamana wakasema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.